Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

Farasi nawasoma. Sikio likilala nyuma, naondoa mkono.
Mdomo wa chini ukilegea, usingizi u karibu.
Mkia ukibanwa, tumboni kuna moto.
Miaka kumi na tisa ya kazi hii, mateke mawili tu,
na moja lilikuwa halali yangu.

Lakini Algot Lindmark, mwenye farasi,
alisimama bandani kwake, nje ya Norsjö,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
mikono mifukoni, uso kama mlango wa ghala,
nami nikamwuliza kwa Kiswidi changu cha miezi minne:
"Nimpumzishe? Uko tayari?"

Akavuta pumzi.

Basi. Midomo kaibana kama anayefyonza supu ya moto,
fyu,
hewa ikaingia, isitoke na neno.

Sindano nilikuwa nimeikumbatia kwapani, dawa isigande.
Nikaipima ile fyu.
Jino bovu limeguswa na baridi?
Kilio kilifika mlangoni, akakirudisha ndani?
Ama ndivyo wasemavyo huku: toka, mwanamke, na vichupa vyako?
Kwetu Vidin mtu akikataa huinua kidevu na kugonga ulimi,
mtoto wa miaka miwili anaelewa.

Nikasubiri.
Naye akasubiri, maana alikwisha kujibu.

Brunte alikuwa chini, ubavu mmoja juu ya nyasi kavu,
akitoa mvuke puani, kidogo, kisha kidogo zaidi.

Na katikati ya kusubiri kwetu mzee akauona mkono wangu haushuki,
akausoma:
daktari ana shaka,
na daktari mwenye shaka huenda ana tumaini.
Mfa maji haachi kutapatapa.
"Kwa hiyo," akasema, "imekwisha, au?"

Nami, mjinga, nikajibu kwa shingo,
shingo ya mama na ya bibi yangu,
kushoto, kulia, kushoto:
ndiyo, mzee, imekwisha.

Akacheka!
Akavua glavu, akapiga magoti, akaanza kumwambia farasi
maneno mengi kuliko yote niliyopata kumsikia,
habari za magogo, na mto utakapopasua barafu,
na hatamu mpya aliyoiona mjini akaionea bei.

Gunvor, jirani, alikuwa ameegemea nguzo na chupa yake ya kahawa.
"Algot," akasema taratibu, "kwao kichwa hivyo ni kukubali.
Nilikaa Burgas wiki mbili, nikila vitu nilivyodhani nimevikataa."
Kisha akanigeukia. "Na wewe, amekwisha kukwambia ndiyo.
Ile pumzi. Robo saa sasa."

Robo saa.
Mtu alikubali msiba, nikampokonya,
nikampa farasi mzima, nikampokonya na huyo,
na muda wote huo sikuwa nimefungua mdomo.

Hakunilaumu. Au pengine alinilaumu,
kwa namna ambayo sijafundishwa bado.
Alibaki pale magotini, akaitazama sindano,
akavuta pumzi mara ya pili,
fyu, nyembamba kuliko ya kwanza,
na sikio moja la Brunte likageuka upande wake,
likakaa huko hadi mwisho.

*

Mwaka wa saba huu. Jana mama alipiga simu kutoka Vidin.
Unakula? Unalala? Umepata mtu?

Nikavuta pumzi.

"Desislava," akasema, "mbona unalia?"

Nikatikisa kichwa, peke yangu jikoni,
kushoto, kulia.
Simu ile haina macho.
Na hata ingekuwa nayo,
sijui saa ile kichwa changu kilikuwa cha wapi.