Siagi Isiyo na Chumvi

Hapa Douarnenez siagi hutiwa chumvi
kama watoto wanavyobatizwa: hakuna anayeuliza.
Ndiyo maana Goulven, asubuhi ya kwanza,
aliutema mkate kwenye sinki.

Nikamwonyesha karatasi ya mama wa duka la mitishamba:
maziwa, mtindi, lozi, mayai — binti.
Viazi, ndizi, nyama ya chumvi — mvulana.
Wiki tisa, kabla hata ya kushika mimba.

Wanangu watatu wanagombea dagaa wa kopo
chini ya meza, wananuka bandari.
Mimi nala mtindi nimesimama,
kama mtu anayesubiri basi.

Mama mkwe, Soazig, amekula chumvi nyingi,
ya miaka themanini na ya siagi pia.
"Mabinti watano," akasema, "kwa viazi na nguruwe."
Akapaka mkate wake, nene, taratibu.
"Karatasi yako imetiwa chumvi kunishinda."

Najua. Daktari alishaniambia:
kura iko upande wa baba,
na baba mwenyewe hajui anachopiga.
Lakini kuna jina nimelificha tangu kifungua mimba,
Azenor,
na jina halisikii la daktari.

Jana usiku, wiki ya saba,
nilishuka jikoni pekupeku.
Nikakata mkate. Nikapaka.
Punje zikalia menoni.

Nilipopanda kitandani Goulven alinibusu,
akanyamaza, akalamba midomo.
"Basi?"
"Basi," nikasema. "Sogea."