Daftari la Nazi

Mimi nina daftari.
Jalada lake la buluu limeliwa kona na mende.
Ndani nimeandika kila nazi iliyoangushwa Mayungu
tangu mwaka ule Jefwa alipodai fungu lake
baba akiwa hai, anakula, anakohoa, anacheka.
Alidai urithi kama mtu anayedai chenji dukani.

Baba akagawa.
Hakuita wazee, hakupiga meza.
Alikata shamba kama ukatavyo muhogo uliochemshwa,
na kabla Ijumaa haijafika
Jefwa alikwisha kumuuzia mwenye hoteli.
Minazi tisa, iliyopandwa kitovu chake kilipodondoka,
iling'olewa kwa tingatinga siku moja.
Pale sasa pana bwawa, na wageni
wanaogelea bila kujua juu ya nini.

Habari zake zilitufikia vipande vipande:
Jefwa yuko kasino mjini, viatu vyeupe;
Jefwa kainunulia meza nzima, na meza ya pili;
kisha Jefwa hapatikani kwa simu;
kisha Jefwa yuko nyuma ya jiko la hoteli ile ile,
anajaza ndoo mabaki ya wageni,
anasukuma mkokoteni hadi kwa nguruwe wa Msabaha,
na njiani, kabla ya nguruwe,
anachagua kipande cha mkate chenye alama ya meno.

Nami niliandika.
Nazi mia nne na kumi. Nazi mia tatu na sitini.
Dawa za presha za baba. Bati la jikoni.
Jina la Jefwa sikuliandika hata mara moja,
ila kila jumla niliijumlisha dhidi yake.

Alhamisi ile nilikuwa juu ya mnazi,
na kutoka kule nikaiona njia yote ya vumbi hadi lami.
Nilimwona mimi kwanza.
Nilimjua kwa bega la kushoto linaloshuka.
Nikakata dafu. Nikakata jingine.
Nikanyamaza.

Baba ana mtoto wa jicho, daktari ndivyo alivyosema.
Labda ndivyo: labda mtoto
alikuwa mle jichoni miaka yote sita.
Kwani aliinuka kwenye kibao chake cha mbuzi,
machicha mikononi, akatazama ukungu,
akakimbia.

Mzee wa miaka sabini na miwili hakimbii,
ila nyuki wakimtoka mzingani au nyumba ikiwaka.
Baba alikimbia. Kikoi kikamlegea,
ndara moja ikabaki mchangani.
Jefwa alikuwa na maneno aliyokariri tangu Msabaha:
sistahili, nipe kazi ya kufua nazi, nitalala bandani.
Alifika "sista—",
kinywa kikazama katika bega la baba,
na harufu ya nguruwe ikaingia
kwenye shati la kanisani.

Beberu aliyechinjwa nilimlisha mimi.
Moshi ulinifuata juu, ukanisalimu kwa jina.
Sikushuka.

Akaja shinani, kaushika mti kwa mikono miwili.
"Shuka, Kitsao."
Nikamtupia daftari. Likaanguka wazi, kifudifudi.
Aliliokota, akalipangusa mchanga kwa upole
kama kifaranga, akalishika juu chini,
akalitazama muda mrefu.
"Nani alikuajiri, mwanangu?"

Sikuwa na jibu.
"Minazi hii yote ni yako. Tangu lini
mtu akaandika nazi anazokula kwao?"

Miaka yote nilifikiri neema ni mvua,
yaani humfaa zaidi aliyelima mapema.
Sikujua kwamba ina miguu,
kwamba itapoteza ndara,
kwamba siku moja itasimama chini yangu
ikihema, ikiniomba mimi.

Giza linaingia. Nimeanza kushuka.
Mkono wake umenishika kifundo cha mguu
kama siku aliyonifundisha kupanda.
Ndani Jefwa anacheka, kicheko kile kile,
nacho bado kinaniudhi.
Zimebaki ngazi tatu.