Rangi Moja

Jioni zile Apondi aligonga vigoda.
Kwanza nilidhani ni utundu,
kisha nikamwona anapapasa ukuta
kama mtu anayetafuta swichi
katika nyumba isiyo na umeme.
Mchana alikimbiza vifaranga Kajulu nzima;
giza likiingia, alikaa papo hapo lilipomkuta.

Sista Jepkosgei hakunigombeza.
Alikata ncha ya kidonge chekundu kwa mkasi,
akakamua mafuta yote kinywani,
mtoto akakunja uso, akameza.
"Mlete kesho, kisha baada ya wiki mbili.
Tarehe nimeandika. Usiongeze ya kwako:
hii hukaa kwenye ini, na ini huhesabu."
Akanifungia na marando ya viazi,
vile vya rangi ya chungwa, nikapande.

Baba mkwe aliyaona yote, akanyamaza.
Mchomea vyuma wa Kibuye, miaka thelathini na minne,
sigara mdomoni, nyingine sikioni,
kikohozi chake ndicho saa yetu ya alfajiri.
Kisha shemeji akatuma chupa kutoka Doha:
vidonge mia mbili, laini, vya rangi ya chungwa,
na karoti iliyochorwa inacheka.
"Kama tone limefungua macho ya mtoto,
chupa nzima itanisafisha kifua."

Mimi ni mkaza mwana. Siinui sauti mbele yake.
Nikasingizia kwenda kununua chumvi,
nikaificha chupa mkobani hadi Kondele,
kwa Khakasa wa duka la dawa.
Akaigeuza, akasoma, akauliza neno moja:
"Anavuta?"
"Anavuta."
"Basi asiviguse. Kuna wavutaji waliopewa hivi kwa miaka,
ikitumainiwa vitawakinga na saratani ya mapafu.
Waliipata kuliko wenzao wasiopewa."
Kisha akanitazama tumbo.
"Na wewe, vitamini A ya dukani usijinunulie bila kuuliza.
Ikizidi, humdhuru aliye ndani."
Sikuwa nimemwambia mtu.

Nilirudi kama aliyebeba nyoka
akidhani ni mkanda.

Sikuhubiri. Viazi vya marando yale vilikuwa vimekomaa,
nikachemsha, nikamega kimoja mbele yake:
ndani, rangi ile ile ya chupa.
"Khakasa anasema hivi havina ugomvi na kifua chako.
Vile vinao."
Ndiyo hotuba yangu yote.
Akala vitatu. Akaitingisha chupa, ikalia kama kayamba.
"Kumbe hata karoti hugeuka," akasema,
akaenda kuvimwaga chooni.
Nikashusha pumzi. Mapema mno.

Usiku ule haukuwa na mwezi.
Alitoka uani baada ya chakula, peke yake.
Apondi akasimama mlangoni,
hakupapasa ukuta,
akanyoosha kidole moja kwa moja
kwenye kaa dogo la rangi ya chungwa
lililopanda, likang'aa, likashuka gizani.
"Babu yule pale," akasema.
"Namwona."