Jina la Kuingilia

Miaka tisa tuliingia kwa jina moja.
Swichi kumi na moja za ghala la tumbaku, Tabora,
kutoka mizani ya mapokezi hadi chumba cha mhasibu,
zote zilituita admin
na sote tuliitika:
mimi, Mihayo, kijana wa mafunzo wa mwaka juzi,
hata yule aliyehamia Urambo na funguo zetu kichwani.
Mtu akizima poti ya mizani saa nane usiku
daftari la swichi lilisema: admin.
Kosa lisilo na mwenyewe, kama mbuzi wa stendi.

Nywila aliitunga Mihayo. Nyanzala1952.
Niliipiga bila kuiwaza, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati,
hadi Machi, msibani Cheyo,
padri aliposoma kikaratasi:
marehemu Nyanzala, alizaliwa mwaka hamsini na mbili,
na vidole vyangu vikacheza juu ya goti.

Mama wa mtu.
Nimempigapiga kila asubuhi
na sikumpa hata shikamoo.

Jumatatu nikasimamisha seva moja,
ndogo, chini ya meza, karibu na feni.
Swichi sasa isimjue mtu; iulize.
Yuko hapa anayejiita Kalunde, nimfungulie?
Seva ijibu ndiyo au hapana, na iandike saa.

Kazi hii ina mwiko mmoja:
usifunge dirisha la kwanza
kabla la pili halijakukubali.
Wengi wamejifungia nje ya nyumba waliyoijenga wenyewe.

Kumi zilikubali. Ya mizani ilikaa kimya,
sekunde tano, tano tena, kisha ikakataa.
Nikabeba laptopu na kebo ya buluu,
nikapita katikati ya marobota nikipiga chafya,
nikakuta nafasi moja tupu
mwishoni mwa siri yake na seva.
Nafasi! Kitu hata hakionekani.

Nimeacha akaunti moja ndani ya kila swichi,
kwa siku seva itakapokufa, au panya atakapokula waya.
Nywila yake herufi ishirini, si mama wa mtu,
imo kwenye bahasha, kwenye kasha la mhasibu.

Mihayo alikuja mchana. Kwa mazoea
akaandika lile la zamani. Swichi ikamkataa.
Akakitazama kioo.
Nilijifanya natafuta bisibisi.
Akaandika tena, polepole, jina lake mwenyewe.

Saa saba na dakika nne: mihayo, amekubaliwa.