Kiraka

Palipotoboka, Ardoin alishonwa hapo.
Alikimbia na mpira, akaudaka, akamkinga mrushaji
kwa bega lililoteguka tangu Septemba.
Jumapili moja kule Buffalo, theluji ikifika vifundoni,
mpigaji yu hoi kwa homa,
aliupiga hata teke:
ukagonga nguzo, ukapita shingo upande.

Misimu tisa. Timu nne. Goti lilelile, mara tatu.
Magazeti yaliwaimba nyota;
yeye yalimtupia mstari mmoja, jina limekosewa herufi.

Sasa yuko kwao Opelousas, anafundisha watoto kuanguka.
"Bega kwanza. Mpira kifuani, kama yai."

Usiku Odile humkanda goti kwa barafu,
kidole kikifuata mshono juu ya mshono.
"Hapo taratibu," mumewe humwambia,
"hapo ni Denver."