Simba wa Lipu

Kabla tramu ya kwanza haijakohoa pale konani
Ramsurat huwa ameshapuliza makaa ndani ya pasi
na kutandika blanketi juu ya meza ya miguu mitatu.
Wa nne ni matofali ya nyumba yenyewe,
yaliyodondoka mwaka wa mafuriko.

Nyumba ni ya ukoo wa Shome.
Warithi kumi na saba, mawakili tisa,
kesi moja yenye umri kumshinda mkwewe.
Mrithi mmoja yuko Toronto. Wawili hawasemezani.
Mmoja amekufa, ila sahihi yake bado inangojwa.
Wao wakigombea paa,
paa limekwisha kujiamulia:
linashuka haba na haba,
na kibaba chake ni kola za mashati ya watu.

Kwenye nguzo ya pili manispaa wamepigilia kibao:
JENGO HATARI. USIKARIBIE.
Msumari wake ni madhubuti.
Ndipo Ramsurat anapotundika mwavuli,
na suruali za karani wa benki.

Nyumba njema si mlango, wasema wasemao.
Haya. Hii imebakiwa na mlango tu:
msaji mweusi, kimo cha ndovu na mpandaji wake,
na kufuli ambalo ufunguo wake
uko mahakamani, kielelezo namba nne.
Kando yake ukuta una tundu,
na humo ndimo wapitamo watu,
Shibani wa ghorofani na ndoo zake mbili,
mbuzi, watoto wa fundi viatu,
harufu ya samaki katika mafuta ya haradali.

Uani, alipokuwa akiketishwa mungu wa kike wa udongo
ngoma zikilia siku tano mchana na usiku,
pikipiki nane zimelala ubavu kwa ubavu.
Juu, mtini umeota katika ufa wa roshani.
Mizizi imeukamata ukuta
kama mtu anayemzuia mwenzake asianguke,
au anayemsukuma.
Ukiwa chini huwezi kujua.

Jumanne alikuja Debjani wa ofisi ya majengo ya kale,
futi ya chuma mkononi, kofia ngumu kichwani.
Akapima, akapiga picha, akauliza:
Aliyeijenga nani?
Ramsurat alilowesha kidole, akagusa pasi. Tss.
"Aliyejenga simjui.
Aliyefia chumba cha tatu namjua, alipenda kola kavu.
Anayelala chini ya ngazi namjua.
Waandike hao."
Fomu haikuwa na safu ya hao.
Aliandika: nguzo kumi na mbili.
Akatazama tena, akafuta, akaandika kumi na moja.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilikuja na hasira zake.
Simba wa lipu juu ya mlango,
aliyeulinda mtaa miaka mia na ushei
bila kumng'ata hata mkusanya kodi,
aliuacha mwili ukutani, akashuka kichwa peke yake.
Hakumpata mtu.
Alivunja kikombe kimoja cha udongo cha muuza chai,
ambacho kingevunjwa vyovyote vile.

Ramsurat alimkuta asubuhi kwenye mfereji,
pua imekatika, kinywa kimejaa maji.
Alimmwaga, akamfuta kwa kitambaa,
akampa kazi.

Siku hizi upepo ukijipenyeza kichochoroni
mashati yaliyokunjwa hayapeperuki.
Simba ameyalalia.
Bwana mmoja mwenye hoteli alitoa rupia mia tano
amchukue akampambe mapokezini.
"Huyu yuko zamu hadi saa mbili," aliambiwa.
"Na ukija, njoo na warithi wote kumi na saba."

Nami nilikwenda jioni kuchukua shati langu.
Lilikuwa bado na joto,
na juu ya mfuko, alama ya jino,
nyeupe, ya chokaa.
Nilitaka kuikung'uta.
Nikalivaa hivyo hivyo, nikapanda tramu.