Safu ya Tatu

Nerys hakuniambia kwamba sauti haipo.
Hilo walishaniambia wengine, wenye koti jeupe na wasio nalo,
na kila waliponiambia, yeye mle ndani alicheka:
Umeona? Nao wamo.

Nerys aliuliza huja saa ngapi.
Nikashangaa. Lilikuwa swali la mtu
anayeulizia treni ya kwenda Neath.
Nikasema: huja alfajiri, bomba la joto likianza kugonga,
na huja nikipita duka la samaki,
na Jumapili huja bila sababu.
"Anaongea kama nani?"
Nikanyamaza wiki mbili.
Wiki ya tatu nikasema: kama Mostyn,
msimamizi wa zamu pale kiwanda cha chuma,
kabla tanuri halijazimwa,
aliyekuwa akiniita mbele ya watu
kwa jina ambalo silirudii hapa.

Chumba kiko juu ya maktaba, Port Talbot.
Viti viwili visivyofanana, kikombe kisicho na mkono,
mvua inakuja kwa ubavu kutoka baharini.
Akagawa ukurasa safu tatu:
Alichosema. Unaamini kiasi gani. Kipi kingine chaweza kuwa.
Safu ya tatu ilikaa tupu hadi Februari.

Mostyn alisema: Ukivuka daraja la mto Afan,
dada yako atakufa kabla ya saa sita.
Miaka minne sikuvuka.
Miaka minne Lowri alikuwa hai, na mimi ndiye
niliyemweka hai, kwa miguu yangu kubaki huku.
Kazi isiyo na mshahara wala likizo.

Nikaandika: asilimia tisini na tano.
"Na hizo tano zilizobaki, za nani?"
Zangu, nikasema,
kama mtu aliyekuta sarafu
kwenye koti la baridi ya mwaka juzi.

Lisemwalo lipo.
Ndiyo, lipo: nalisikia kama nisikiavyo kijiko hiki.
Ila limefika kwa Lowri? Limepita mlango gani?
Ni ule mkia wake, *kama halipo laja*,
ndio ulionikesha.

Jumatano tukavuka. Tukavuka, nasema,
lakini yeye alibaki upande wa huku na mwavuli uliopinduka,
nami nikaenda, hatua mia moja na kumi na mbili.
Mostyn alipiga kelele mpaka shakwe
wakawa wanafungua midomo tu.
Muuaji, alisema. Muuaji.
Ng'ambo kuna nini? Kinyozi. Kituo cha basi.
Mtoto anahesabu chipsi zake kabla ya kuzila.

Saa sita na dakika nne nikapiga simu.
Iliita mara sita.
"Gethin? Ngoja, mkate unaungua."
Nikasikia king'ora cha moshi,
Lowri akikitukana, akikipiga kwa taulo.
Nikalia palepale mlangoni pa kinyozi.
Kinyozi akatoka, akadhani nataka kunyolewa.
Nikanyolewa.

Jioni nikaandika: sitini.
Usiku Mostyn akasema, Bahati tu, ngoja Jumatano ijayo.
Nikamjibu, mara ya kwanza bila kupayuka:
Sawa. Jumatano ijayo nitampigia tena.

Bado nameza vidonge, bado kikombe hutetemeka.
Wiki ya kumbukumbu ya mama alipanda hadi themanini;
Nerys hakukunja uso, aligeuza ukurasa.
Leo ni thelathini na tano, na mvua.

Safu ya tatu sasa ina vitu.
Bomba la maji moto.
Usingizi wa saa tatu.
Na hili aliloniletea Lowri:
Mostyn mwenyewe yu hai, ana miaka themanini,
anafuga njiwa Briton Ferry,
na alipoulizwa, jina langu hakulikumbuka.
Nimeliandika nalo,
kwa kalamu ya risasi.